Pancha si ugonjwa: historia fupi ya kiraka, kutoka Malaba hadi Busia

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za kompyuta, simu na programu huria. Leo tunaiacha kibodi kando kidogo, nataka tuzungumze juu ya tairi. Ngoja, usiondoke! Ukifika mwisho utaona hatujaenda mbali na mambo yetu ya kawaida.

Desemba iliyopita nilikuwa naendesha gari kutoka Malaba kwenda Busia, ile barabara ya kama kilomita 30 inayopita Adungosi na Alupe. Kabla sijafika Adungosi, usukani ukaanza kunivuta upande wa kushoto. Nikasimama, nikashuka. Tairi la mbele limelala, na katikati ya uso wake kuna kichwa cha msumari kinang'aa. Tairi la akiba lilikuwepo, ila nalo halikuwa na upepo. Sisi waandishi wa programu tunaijua sana habari hii: nakala ya akiba ipo, lakini hakuna aliyewahi kuijaribu kuona kama inafunguka.

Kwenye buti kulikuwa na kiboksi nilichonunua Nairobi miaka miwili nyuma na sikuwahi kukifungua. Ni seti ya kuziba pancha ya tairi lisilo na tyubu: chuma chenye meno kama tupa, chuma kingine chenye tundu kama shazia ya kushonea magunia, kamba chache nyeusi zenye kunata, na kitubu cha gundi. Nimesimama pale nasoma karatasi ya maelezo kama mtu anayesoma hati ya mahakama, mara mzee mmoja akafika na baiskeli yake nyeusi, gunia la makaa limefungwa kwenye keria.

"Kijana, gari limekataa?"

"Ni pancha, mzee."

Akacheka, akaegemeza baiskeli kwenye mti. "Pancha si ugonjwa. Lete tuone."

Mzee yule, nilikuja kujua baadaye, alibeba watu kwa baiskeli pale Malaba kwa zaidi ya miaka 20. Maneno yake hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nirudi nyumbani na kuandika makala hii. Kwa nini pancha si ugonjwa? Nani aliamua kwamba mtu wa kawaida, kando ya barabara, mikono mitupu, anaweza kuitibu? Maana haikuwa hivyo tangu mwanzo.

TUANZE NA BODA

Leo neno boda linajulikana Afrika Mashariki nzima, na wengi wakilisikia wanafikiria pikipiki. Lakini lilizaliwa huku kwetu mpakani, na lilizaliwa juu ya baiskeli. Katika miaka ya 1960, pale Busia, geti la Kenya na geti la Uganda vilikuwa mbali, zaidi ya nusu maili kati yao. Gari likivuka lilihitaji karatasi nyingi. Mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni akishuka kwenye basi upande mmoja alibaki na safari ya miguu hadi upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Wakaweka kiti cha sponji kwenye keria, wakawa wanaita abiria: boda, boda! Yaani mpaka hadi mpaka. Mtindo huo ukafika Malaba haraka, kisha ukaenea Uganda na Kenya.

Ziliofuata zilikuwa nyakati ngumu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, maduka yakabaki matupu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Sabuni, chumvi, kahawa, vyote vikawa na njia zake za kuvuka, na njia hizo hazikuwa za lami. Zilikuwa vijia vya kupita katikati ya mashamba ya mihogo na mtama. Gari haliingii huko. Baiskeli inaingia.

Sasa fikiria: chombo chako cha kazi kinatembea juu ya mirija miwili ya mpira iliyojaa hewa. Njia ina miba, vipande vya chupa na nyaya. Huna gereji. Ukipata pancha katikati ya geti na geti, abiria atashuka na kutembea, wala hatakulipa. Hapo ndipo kiraka kinapoingia kwenye historia yetu.

MKEBE WA BABA MDOGO

Baba mdogo wangu alikuwa mmoja wa vijana wale, katika miaka ya 1980. Chini ya tandiko alifunga mkebe wa kakao uliokuwa na kila kitu: kipande cha msasa, kitubu cha gundi ya solusheni, tyubu kuukuu iliyokatwa vipande, vijiko viwili vilivyopondwa nyundo vikawa bapa, na vipira vyembamba vya valvu. Pampu ilifungwa kwenye fremu.

Nilimtazama akifanya kazi hiyo mara nyingi. Kwanza alitema mate kidogo kidoleni, akapaka kwenye valvu. Yakitoa povu, shida ni kale kapira ka ndani ya valvu, dakika mbili imekwisha, tairi haliguswi. (Hili ni somo kubwa kwa wanaotafuta hitilafu kwenye programu: anza na kitu rahisi kuliko vyote.) Mate yakitulia, baiskeli inapinduliwa, vijiko vinaingia chini ya ukingo wa tairi, tyubu inatolewa, inajazwa upepo, inazungushwa polepole ndani ya karai la maji hadi vipovu vionekane. Maji yasipokuwepo, aliipitisha karibu na shavu, aisikie inapopuliza.

Kisha msasa, mpaka mpira ung'olewe ule wororo. Kisha gundi. Na hapa ndipo mimi nilipochapwa kofi langu la kwanza la ufundi, maana nilikuwa na haraka ya kubandika.

"Ngoja ikauke," aliniambia. "Gundi mbichi haishiki. Mwenye haraka huziba mara mbili."

Miaka mingi baadaye nikaelewa sababu. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa ndani ya kimiminika kinachopaa haraka. Kimiminika hicho kazi yake ni kuufikisha mpira mahali pake tu. Ukibandika kabla hakijapaa, kinabaki chini ya kiraka kama maji chini ya sakafu. Katika seti nzuri, gundi na tabaka la chini la kiraka zina kemikali ambazo zikikutana huunganisha mpira na mpira mpaka vinakuwa kama kitu kimoja. Kiraka kizuri hakibanduki, ukikilazimisha kinachanika.

Mafundi wa pancha pale stendi walikuwa na njia nyingine, ya moto. Walichukua pistoni kuukuu ya injini, wakaifunga juu ya tyubu kwa skrubu ya kubana, mpira mbichi ukiwa katikati, wakawasha mafuta kidogo ndani ya pistoni. Moto ukizimika wenyewe, kiraka kimeiva. Hakuna saa, hakuna kipimajoto: kiasi cha mafuta ndicho saa. Kama hiyo si uhandisi, sijui uhandisi ni nini.

ALIYEGUNDUA NA ALIYEWEZESHA

Vitabu vya shule hutuambia tairi la upepo liligunduliwa na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, Mskoti aliyeishi Belfast. Mwaka 1888 alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, akapata hataza mwaka huohuo. Lakini miaka miwili baadaye hataza hiyo ilibatilishwa. Ilionekana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa na hataza ya wazo lilelile tangu mwaka 1845! Thomson alilifikiria kwa magari ya farasi. Baiskeli hazikuwa zimeenea, mpira ulikuwa ghali, wazo likalala zaidi ya miaka 40. Wale mnaofuatilia kesi za hataza za programu, mnaona kwamba ugomvi huu si wa jana.

Sasa sikiliza jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa la ajabu kwa mwendo, lakini lilikuwa limegandishwa kwenye rimu kwa gundi na kitambaa. Likitoboka, umekwisha. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na pancha kwenye kiwanda cha akina Michelin, huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua muda wa saa tatu, kisha likaachwa usiku kucha likauke. Kesho yake Édouard Michelin akaijaribu baiskeli ile. Hakwenda mbali, upepo ukaisha tena.

Lakini alikuwa ameonja ule mwendo laini. Hakujiuliza namna ya kutengeneza tairi lisilotoboka, alijiuliza namna ya kutengeneza tairi ambalo mwenyewe anaweza kulivua. Mwaka 1891 akina Michelin wakapata hataza ya tairi linalovuliwa, ambalo mtu angeweza kulitengeneza kwa dakika 15 hivi. Septemba mwaka huo Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, kwa chini ya saa 72. Na mwaka 1892, katika mashindano mengine kutoka Paris hadi Clermont-Ferrand, akina Michelin wenyewe walimwaga misumari barabarani kwa makusudi, ili watu waone kwamba pancha si mwisho wa safari.

Uingereza nako, mwaka 1890, Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya kwenye kingo zake, linalokaa kwenye rimu bila gundi. Kampuni ya Dunlop ikainunua hataza yake. Tairi la Black Mamba, lile la inchi 28 kwa 1½, ni kizazi cha wazo la Welch. Vijiko vya baba mdogo vilipoingia chini ya ukingo, vilikuwa vinaushika waya huo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: Thomson na Dunlop walitupa tairi la upepo. Waliolifanya liwe letu ni wale waliolifungua. Tairi la kugandishwa lingebaki kuwa chombo cha matajiri wenye mafundi karibu. Lisingeweza kamwe kubeba mama mwenye gunia kati ya geti na geti pale Busia.

GHARAMA YA MPIRA WENYEWE

Tusifanye kana kwamba historia hii ni ya mafundi wema tu. Mpira mbichi huyeyuka juani na kukakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa unakuwa imara, na pistoni ile ya stendi inafanya kazi hiyohiyo. Baiskeli zilipovuma katika miaka ya 1890, mpira ukatafutwa kila mahali, na sehemu yake ulitoka Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885. Wanakijiji walilazimishwa kuukusanya msituni. Waliopungukiwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, wengine walikatwa mikono, wengi sana walikufa. Kelele za dunia zilimnyang'anya Leopold koloni hilo mwaka 1908. Malori yanayopanga foleni Malaba leo, mengine yanakwenda hukohuko Kongo, juu ya matairi. Nikiyaona huwa nakumbuka.

WALE WASIOWEZA KUTEMBEA

Kuna watu wengine wa Busia ambao bila kiraka historia yao isingekuwepo. Ukivuka pale utawaona: watu wenye ulemavu wa miguu, juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, wamepakia bidhaa hadi juu. Kwa miaka mingi wamekuwa wachukuzi wa mpakani, na maafisa wa forodha waliwaonea huruma kuliko wengine, kwa hiyo wafanyabiashara wakawapa mizigo. Watu waliozoea kuonekana kama wa kuombaomba wakawa waajiri, maana anayesukuma nyuma naye analipwa.

Nikiwa mtoto nilimwona mmoja wao amepata pancha karibu na geti. Alishuka, akaketi chini, akaanza kutoa tyubu. Kijana mmoja akataka kumnyang'anya ile kazi, kwa nia njema tu. Mzee yule akamwondoa mkono. "Huu ni mguu wangu," alisema, "nitaufunga mwenyewe." Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Sicheki tena. Kwangu pancha ni kuchelewa. Kwake ilikuwa ni kutotembea kabisa, na tofauti kati ya kutembea na kutotembea ilikuwa kitubu kimoja cha gundi. Kumbuka pia kwamba tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa la baiskeli ya magurudumu matatu. Limezunguka dunia likafika Busia.

TURUDI ADUNGOSI

Tairi lisilo na tyubu lilitangazwa na kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani mwaka 1947, na kufikia 1955 magari mapya mengi ya kule yalitoka nalo kiwandani. Uzuri wake ni kwamba msumari ukiingia, mpira unaushika, upepo unatoka polepole badala ya kupasuka mara moja. Na tundu linaweza kuzibwa kutoka nje, bila kuvua tairi. Ndiyo kazi ya kile kiboksi changu.

Mzee akashika msumari kwa koleo langu. "Angalia umeingia kwa pembe gani kabla hujaung'oa. Chuma chako kipite njia hiyohiyo." Karatasi ya maelezo haikuniambia hilo! Nikaung'oa. Nikasukuma tupa mara kadhaa hadi tundu likawa safi na lenye mikwaruzo. Nikapitisha kamba kwenye tundu la shazia, nikaipaka gundi, nikaisukuma kwa nguvu zote hadi zikabaki ncha mbili za kama sentimita 2 nje, nikavuta chuma kwa ghafla. Kamba ikabaki ndani, imejikunja. Nikakata ncha. Nikajaza upepo kwa pampu ya umeme ya gari. Mzee akatema mate kidoleni, akapaka juu ya tundu. Tukatazama sote wawili. Kimya. Hakuna povu.

Mambo machache kwa atakayejaribu. Ziba uso unaokanyaga barabara tu, usizibe ubavu wa tairi, maana ubavu hujikunja kila mzunguko na kamba itatoka. Tundu lisizidi milimita 6. Kama umeendesha kwa muda tairi likiwa limelala, huenda limeharibika kwa ndani hata kama nje linaonekana zima. Na kamba hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi, ambaye atalivua, alikague ndani, na kuweka kiraka cha kudumu. Mwenye pikipiki yenye rimu za spoku asihangaike na kamba: rimu hizo kwa kawaida hutumia tyubu, kwa sababu upepo ungetoka kwenye matundu ya spoku. Rudi kwenye mkebe wa baba mdogo.

NINACHOTAKA KUSEMA

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na boda ya injini ikaijaza nchi. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri anakamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Ule umbali wa geti hadi geti uliozaa neno boda umepoteza maana yake ya zamani. Ni sawa. Mambo hubadilika.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitaki libadilike. Kila mwaka napokea vifaa vilivyogandishwa kwa gundi: simu ambayo betri yake haitoki, programu ambayo huruhusiwi kuona ndani yake, mashine inayokataa kuwaka mpaka mwenye kiwanda aruhusu. Tunaambiwa haya ndiyo maendeleo. Historia ya tairi inasema vingine. Lile lililogandishwa ndilo lilikuwa la zamani, na maendeleo yalikuwa kulifungua. Ukiandika programu, jiulize kama mtu wa Adungosi, mbali na ofisi yako, anaweza kuivua na kuiziba bila kukuomba ruhusa.

Nilimpa mzee pesa ya chai, akakataa. Nikampa kitubu cha gundi kilichobaki, akakipokea kwa mikono miwili, akasoma maandishi yake yote pande zote, akakitia mfukoni. Kisha akapanda Black Mamba yake na gunia lake la makaa, akanipita hata kabla sijawasha gari.